Robo Tatu ya Inchi

Atlabara, Juba
4 Mei 2009

Kwako Manyang,

Nakuandikia kwa sababu simu unanikatia. Barua hukati. Unaweza kuichana, lakini utaichana ukiwa umeshaisoma. Nimempa kondakta wa basi la Kampala na ameapa itakufikia Nakuru ndani ya wiki.

Habari ni ya gari la baba. Tangu Machi ile Moris inatembea. Aliyeifufua ni fundi mmoja, Douglas Omondi, mtu wa Kisumu, gereji yake iko Hai Cinema. Kila Jumanne na Ijumaa yeye mwenyewe humpeleka Mama ng'ambo ya daraja, kule Gumbo, kwa sista anayemfanyisha mazoezi ya nyonga. Mama hapandi Land Cruiser, mguu wa kulia haunyanyuki. Bodaboda hata usinitajie. Moris ndilo gari pekee Juba hii analoingia kwa kukaa kwanza, kisha anavuta miguu ndani. Anakaa nyuma ya dereva, upande wa kulia, kwa sababu huko ndiko mguu mbaya unapata nafasi ya kunyooka.

Shida ni kwamba mbele limelala. Tumbo linakwangua mashimo, na kila likikwangua Mama anauma leso asipige kelele. Omondi amepima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Kushoto ni inchi kumi na tatu. Kulia, upande wa dereva, ni kumi na tatu na robo tatu. Anataka kuinua pande zote mbili kwa kiasi kimoja, na ile tofauti aiache kama ilivyo. Anasema baba aliiweka makusudi.

Ni kazi ya siku moja. Lakini Mama amekataa. Gari la marehemu haliguswi mpaka mwanawe wa kiume atoe neno. Mimi ninayemwogesha, mimi ninayelala naye chumba kimoja, neno langu halihesabiki. Neno ni lako, wewe uliyetoka Juba na miaka mitano ukiwa mgongoni mwangu na hujakanyaga tena hapa hata kwa bahati mbaya.

Basi toa hilo neno. Andika: mwacheni fundi afanye kazi. Ni maneno manne tu.

Dada yako,
Akur


Nakuru
12 Mei 2009

Dada Akur,

Barua nimeipata. Umeandika kwa hasira kama ilivyo ada yako. Mimi nitakujibu kifundi.

Miaka minane sasa nalala chini ya magari. Wazungu wa Naivasha na Gilgil wanatuletea magari yao ya zamani hapa, na Moris nimeshika tatu kwa mikono hii. Sikiliza. Moris haina springi mbele. Ina vyuma viwili virefu vilivyolala chini ya sakafu, kimoja kila upande, na uzito wa gari unavisokota. Kila chuma kina meno kwenye ncha. Ukikichomoa na kukirudisha jino moja mbele au nyuma, gari linapanda au linashuka. Hakuna uchawi hapo.

Gari zima husimama sawasawa. Kulia na kushoto zikitofautiana, basi gari limepinda, au fundi kapinda. Huyo wako anataka kuacha kosa halafu aliite makusudi, kwa sababu kuliondoa kunataka akili.

Na hiyo habari ya kuinua, hapana. Umesema mwenyewe Mama anaingia kwa kukaa kwanza. Ukiinua gari, kiti nacho kinapanda. Afanye hivi: ajaze upepo sawa matairi yote, asimamishe gari kwenye sakafu tambarare, alitikise mbele mara kadhaa likae lenyewe, halafu ashushe kulia lifike kumi na tatu kama kushoto. Bolti za bushi, zile raba za maungio, azikaze gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si juu ya jeki. Mafundi wa vichochoroni hukaza juu ya jeki. Msomee hayo.

Unasema baba aliiweka makusudi. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu. Alikuwa na mke, watoto wawili na gari moja. Tulipoondoka, yeye alibaki na gari. Kwa hiyo usiniambie alichokusudia.

Neno langu ni hilo. Gari lisawazishwe.

Manyang


Hai Cinema, Juba
19 Mei 2009

Bwana Manyang,

Salaam. Mimi ni Douglas Omondi, fundi wa gari la marehemu mzee wako. Dada yako amenisomea maagizo yako na nimeona nikuandikie mwenyewe, maana mambo ya chini ya gari hayapiti vizuri mdomoni mwa mtu wa tatu.

Kuhusu upepo, sakafu na bushi uko sawa kabisa. Nimefanya hivyo tangu nikiwa Kisumu. Kuhusu kusawazisha, naomba usubiri kidogo.

Nilipofungua sakafu nilikuta chuma cha kulia kimepakwa alama ya rangi nyekundu, jino kwa jino, pale kilipo sasa. Cha kushoto hakina. Mtu aliyesahau kitu hakipaki rangi. Mzee wako alipandisha upande wa dereva na akataka yeyote atakayefungua baada yake asipotee. Nami nikiendesha naona sababu. Dereva yuko kulia, Mama yako yuko nyuma yake kulekule kulia, na kulia ndiko barabara inakolalia. Ile robo tatu tukiwa njiani inaisha yote. Gari linaonekana limepinda likiwa tupu uani, lakini likipakiwa likaingia njia ya Gumbo linasimama sawa.

Kuhusu kiti kupanda umenifunza. Basi nitainua kidogo tu, nusu inchi kila upande, na Mama nitamwekea kibao cha kukanyagia.

Ukiweza kuja, njoo uone mwenyewe. Chai ya hapa kwa Mama Namukasa ni nzuri.

Wako katika kazi,
D. Omondi


Nakuru
26 Mei 2009

Dada,

Huyo mtu wako amethubutu kuniandikia mimi kunifundisha. Sijamjibu. Namjibia kwako.

Anasema barabara inalalia upande wa dereva! Nimewasomea wenzangu hapa gereji, wamecheka mpaka spana zimewaanguka. Barabara ina mgongo katikati na inashuka kwenda kwenye mtaro. Dereva anakaa upande wa katikati ya barabara, mtaro uko upande wa abiria. Hata tanboi wa lori anajua hilo. Kama kuna upande wa kupandishwa basi ni wa kushoto, si wa kulia! Mtu asiyejua mtaro uko wapi anamwendesha Mama yangu? Huyo si fundi. Huyo ni mwosha magari aliyekimbilia Juba kwa sababu huko hakuna wa kumuuliza cheti. Wakenya wa namna hiyo wamejaa huko, wanakula jasho la amani yetu.

Na hiyo rangi nyekundu, baba alipaka kila kitu rangi. Ndoo, viti, mlango wa choo.

Ashushe kulia, jino moja. Au nitamwandikia Mama moja kwa moja kwamba gari lisitembee kabisa mpaka nije.

Manyang


Atlabara
1 Juni 2009

Ndugu Omondi,

Mdogo wangu amejibu. Amesema gari lisawazishwe, kulia lishuke hadi kumi na tatu. Barua yenyewe sikutumii. Kuna mambo ya kifamilia ndani yake.

Najua hukubaliani. Mimi nimechoka kubebwa huku na huku kama kikapu. Mama amelisikia neno la mwanawe na ametulia. Fanya hivyo, Ijumaa waende Gumbo, yaishe.

Samahani kwa usumbufu.

Akur


Hospitali, Juba
8 Juni 2009

Manyang,

Mama amevunjika.

Nakuandikia nikiwa hospitali, juu ya paja langu, sina meza. Ijumaa saa nne asubuhi walikuwa wameshavuka daraja. Lori la unga likaja katikati ya barabara kama la peke yake, Omondi akalipisha pembeni kama anavyolipisha siku zote. Namukasa, yule Mganda anayeuza chai pale gereji, alikuwa ndani ya gari, amepewa lifti na vitunguu vyake. Amenieleza hivi: "Mimi iko naona mbele inalala, inalala upande ya dereva, halafu chini inagonga jiwe ya kalvati, gurudumu inakunja kama mguu ya kuku." Ni pale pale, kwenye kidaraja cha mtaro, walipopita tangu Machi bila kuguswa. Gari likaingia mtaroni kwa ubavu wa kulia. Mama alikuwa ubavu huo.

Nyonga ile ile. Siyo tena ya kunyooshwa na sista. Mfupa umekatika. Wamemfunga jiwe mguuni linaning'inia kuuvuta mfupa, na daktari anasema wiki nane asiguse chini, na baada ya wiki nane hasemi kitu.

Omondi alimtoa kwa mikono yake. Alimlaza kwenye mlango wa gari alioung'oa, akatafuta pikapu, akakaa nyuma ameshikilia mguu usitikisike mpaka hospitali. Kipaji cha uso wake kimepasuka, hakutaka kushonwa kabla ya Mama kuangaliwa. Nakuambia haya ili uyajue kabla hujaanza kufungua mdomo.

Nimekasirika sana, sijui nianzie wapi. Nimewakasirikia ninyi wote, na mimi mwenyewe nimo.

Akur


Nakuru
13 Juni 2009

Kwa Amu Elkana,

Heshima yako, Amu. Ni mimi Manyang, mtoto wa kakako Marial. Najua Kiswahili chako cha Kakuma hakijapotea, na ninajua sasa wewe ni mtu mkubwa katika polisi huko Juba.

Habari ya Mama umeipata. Ninachotaka ujue ni kwamba haikuwa ajali. Kuna Mkenya anaitwa Omondi, gereji Hai Cinema. Nilimpa maagizo kwa maandishi jinsi ya kuweka gari sawa. Akabisha. Mtu aliyebisha hafanyi kazi kwa moyo. Ama hakukaza bolti, ama alikaza juu ya jeki ili kunikomoa. Gari lililosawazishwa vizuri halilali upande mmoja, Amu. Hiyo ni hesabu.

Akur hataki kusikia lolote juu yake. Sijui kwa nini anamtetea hivyo, nawe uangalie jambo hilo kwa macho yako. Nakuomba mtu huyo ashikwe kabla hajavuka mpaka. Mimi mwana wa marehemu ndiye ninayelalamika.

Nakusalimu kwa unyenyekevu.

Manyang Marial


Atlabara, Juba
22 Juni 2009

Manyang,

Jana walimchukua Omondi. Walikuja watu wa Amu Elkana wakati anakula, wakampandisha gari na ugali mkononi. Gereji wameifunga kwa mnyororo. Nilikimbia kituoni, Amu akanionyesha barua yako. Akanisomea hata ile sehemu inayonihusu mimi, kwa sauti, mbele ya askari wawili. Nilisimama pale na umri wangu wa miaka thelathini na moja nikitazamwa kama binti aliyekamatwa uchochoroni.

Shetani gani amekuingia? Ungekuwa mbele yangu ningekupiga kofi, na mkono ungekuwa bado unauma ningekupiga jingine.

Sasa nisikilize, kwa sababu na mimi nina langu la kusema, na linanichoma. Ile barua yako ya tarehe ishirini na sita, yenye matusi, sikumwonyesha Omondi. Niliona aibu. Nilimwambia tu sawazisha. Jana nimempelekea kituoni, nikampa kupitia nyavu. Alisoma. Alipofika pale unaposema mtaro uko upande wa abiria, akainua kichwa akaniuliza, "Akur, hii uliisoma?" Nikasema niliisoma. Akauliza, "Na hukuona?" Nikasema mimi siendeshi gari, nione nini? Akafunga macho, akaegemea ukuta. Ningependa angenitukana.

Barua yake naifunga humu ndani. Aliomba karatasi na kalamu nikampa. Usiitupe kabla ya kuimaliza.

Mama hajui kama Omondi amefungwa. Asubuhi hii ameuliza mbona haji kumwona. Nimemwambia amepata kazi Yei.

Akur


Kituoni, Juba
21 Juni 2009

Manyang,

Safari hii sikuiti bwana.

Umeandika kwamba mimi ni mwosha magari. Niliosha magari, ndiyo, Kisumu, mwaka wangu wa kwanza. Umeandika kwamba sijui mtaro uko wapi. Nitakuambia uko wapi.

Huku kwenu watu wanaendesha kulia kwa barabara. Kulia, Manyang. Sudan nzima ni hivyo tangu hujazaliwa. Moris ya baba yako ni ya usukani wa kulia kama za Kenya, lakini ukiiendesha Juba unakaa juu ya mtaro, si katikati. Mgongo wa barabara uko kushoto kwako. Gari lote linalalia kwa dereva. Baba yako alilijua hilo kwa sababu aliishi hapa. Alipandisha kulia jino moja, akapaka rangi, akaendelea na maisha yake. Mimi sikukuandikia waziwazi kwa sababu sikufikiria hata mara moja kwamba mtu anaweza kutolea maagizo gari la Juba bila kujua Juba wanaendesha upande gani. Ni sawa na kukueleza kwamba jua huku linatoka mashariki.

Nilishusha kwa agizo lako. Bolti nilizikaza gari likiwa chini, nenda ukaguse. Kosa langu ni moja: nilijua si sawa, nikatii. Niliona mama ametulia, dada amechoka, nikasema acha nifuate, gari si langu. Kwa hilo nitajuta mpaka kufa, maana mimi ndiye niliyeshika usukani na mimi ndiye niliyemsikia alivyolia. Wewe hukumsikia.

Lakini kwa mengine yote siko tayari kulala humu. Tuko watu kumi na tisa chumba cha watu wanne. Mke wangu Janet hajui niko wapi. Ukiwa na haya hata kidogo, mwandikie amu yako ukweli. Kama huna, endelea kucheka na wenzako.

Douglas Omondi


Gumbo
2 Julai 2009

Dada Akur,

Niko Gumbo. Usishtuke. Nimefika jana jioni na basi la Kampala. Karatasi hii nimenunua dukani na nitampa yule Mganda wa chai, Namukasa, nimemkuta hapa akinunua nyanya. Nilipomwambia jina langu alinitazama juu mpaka chini akasema, "Kumbe ndio wewe."

Nikwambie ukweli. Sikuja kwa ajili ya msamaha. Barua ya Omondi niliisoma nikasema anadanganya, anatafuta pa kutokea. Nilijua Ethiopia wanaendesha kulia. Sikujua sisi. Nilimuuliza mwenye gereji, akasema labda. Nilikataa hiyo labda. Nikapanda basi nikiwa nimebeba futi ya kupimia na kitabu cha Moris, nije nilale chini ya lile gari, nimwonyeshe Amu bolti ambazo hazikukazwa.

Mpaka tunafika mpakani Nimule nilikuwa na hasira zangu zote, hata usingizi sikupata. Tulipomaliza kugongewa karatasi basi likatembea kidogo, halafu likahama. Likatoka kushoto likaenda kulia, polepole, na abiria hawakushtuka, wakaendelea kula mahindi. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma ya dereva. Nikatazama dirishani kwangu. Chini yangu kulikuwa na mtaro. Basi likalala upande wangu, likanibana ukutani, na kila tulipopisha gari nilikuwa mimi ninayening'inia. Njia nzima mpaka hapa, dada. Nilikuwa nimekaa pale pale alipokaa Mama.

Hapa Gumbo mlango wa basi ukafunguka katikati ya barabara, watu wakashukia kwenye magari. Nikashuka nao. Basi likavuka daraja likaniacha.

Usiku kucha nimekaa kwenye benchi. Asubuhi nimetembea mpaka kwenye kalvati, jiwe bado lina mkwaruzo. Nimepima kina chake kwa futi yangu. Sitakuandikia nilichopata, unakijua.

Nilisema baba alibaki na gari. Nilikuwa na miaka mitano, niliona anasimama kando yake halafu haonekani tena, na hasira ile nimetembea nayo mpaka leo. Nilitaka awe amekosea kitu. Kitu chochote.

Naogopa kuvuka. Sijui Mama nitamwambia nini. Nisaidie, niandikie la kusema.

Mdogo wako,
Manyang


Juba
2 Julai 2009, saa tisa

Manyang,

Namukasa amenikuta hospitali. Barua yako nimesoma nikiwa nimekaa kitandani kwa Mama, na yeye akaomba nimsomee kwa sauti. Nilitaka kuruka baadhi ya mistari. Akanishika mkono, akasema soma yote. Kwa hiyo sasa anajua yote, na ya Omondi kufungwa nimemweleza.

Hakulia. Alitazama lile jiwe linaloning'inia mguuni, halafu akauliza umekula. Mimi swali hilo silikuulizi. Bado nina hasira na wewe na sitaki ipoe haraka, nimeilipia. Na usifikiri nimejisahau. Karatasi niliyoificha mimi ingemwokoa, na hilo nitaamka nalo kila siku.

Umeniomba nikuandikie la kusema. Hilo nakuandikia. Utasema: "Mimi ndiye niliyeagiza, fundi alinikataza, na malalamiko yangu yalikuwa ya uongo." Utayasema kituoni, mbele ya Amu Elkana, mbele ya wale askari wawili, na Omondi awe amesimama pale anasikia. Ile sehemu uliyoandika juu yangu utaifuta kwa mdomo wako mwenyewe, na kama Amu atataka kukuweka ndani badala yake, utaingia.

Baada ya hapo, njoo hospitali, wadi ya wanawake, kitanda cha tatu kutoka dirishani. Lakini si kabla. Nilimwambia Mama nikuite uje moja kwa moja, mtoto wake hajamwona miaka mitatu, tangu turudi Juba tukakuacha Kenya. Alikataa. Amesema Omondi ana siku kumi na mbili mle ndani, na yeye hawezi kufurahia kukuona wakati mke wa mtu hajui mumewe yuko wapi. Amegeuza uso ukutani, na tangu saa nane hajataka hata maji.

Usijibu barua hii. Vuka.

Akur